Usyk angempiga Ali? Jibu refu kwa msomaji wa Mwanza

Swali: Shikamoo kocha. Kijiweni kwetu ubishi hauishi. Vijana wanasema mabondia wa uzito wa juu wa sasa, akina Oleksandr Usyk wa Ukraine na Tyson Fury wa Uingereza, wangewamaliza wale wa zamani mapema tu, kwa sababu mazoezi, chakula na sayansi vimebadilika. Wazee wanasema Ali na Joe Louis wangewafundisha adabu hawa wa leo. Kuna kipimo chochote cha haki, au kila mtu abaki na wake? Na wewe ukibanwa, Ali na Usyk nani anashinda?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na salamu kwa kijiwe. Nianze na swali lako la mwisho ili usome bila presha: Ali wa mwaka 1966 namwona akimshinda Usyk kwa pointi chache, na anayesema kinyume sitamwita mjinga. Ila jina la mshindi ni sehemu ndogo ya jambo hili. Vijana wenu wana hoja, wazee nao wanayo, na pande zote mbili zinaitetea kwa ushahidi usiofaa.

Ubishi wenyewe ni wa siku nyingi. Mwaka 1969 mtayarishaji mmoja wa redio wa Miami aliwaweka Muhammad Ali na Rocky Marciano ulingoni mbele ya kamera. Marciano alikuwa amestaafu tangu 1956, Ali alikuwa amenyang'anywa mkanda kwa kukataa kwenda jeshini. Wakapigana kwa kuigiza, wakarekodi miisho kadhaa tofauti, kisha ikasemwa kompyuta ndiyo imechagua mshindi. Filamu ilipoonyeshwa kwenye majumba ya sinema Januari 1970, Wamarekani walimwona Marciano akimlaza Ali kwa KO (kuangushwa asiinuke kabla ya hesabu ya kumi) raundi ya 13. Marciano mwenyewe hakuiona, kwani alifariki kwa ajali ya ndege Agosti 31, 1969. Kabla ya hapo, katika mashindano ya aina hiyo redioni, kompyuta ilikuwa imempa Jim Jeffries, bingwa aliyestaafu mwaka 1905, ushindi dhidi ya Ali, na Ali akaenda mahakamani kudai dola milioni 1. Mashine ile ilirudisha ilicholishwa, yaani maoni ya watu kuhusu nani ana kasi na nani ana kidevu kigumu. Kijiwe chenu kingeifanya kazi hiyo bila umeme.

Kabla ya kupanga nani dhidi ya nani, uliza wanapigana kwa sheria za mwaka gani. John L. Sullivan alipigana na Jake Kilrain mwaka 1889 mikono mitupu, raundi 75. Miaka mitatu baadaye, New Orleans, alivaa glovu za aunsi 5 na James Corbett akamzunguka, akamdonoa, akamwangusha raundi ya 21. Leo wazito huvaa glovu za aunsi 10 na hakuna anayepigana zaidi ya raundi 12. Jack Johnson alipovuliwa ubingwa na Jess Willard kule Havana, Aprili 5, 1915, pambano lilipangwa raundi 45 na likaishia ya 26, kwenye jua. Sasa ukimwangalia Johnson kwenye filamu anakumbatia, anaibana misuli ya mikono ya mpinzani isipige, anasubiri, anatabasamu na kuongea na watu waliokaa pembeni, usimwite mvivu. Mtu aliyepangiwa raundi 45 anapigia hesabu kila pumzi. Mpeleke Johnson kwenye raundi 12 mbele ya majaji watatu, na mtindo huo utampotezea pambano mpaka ajifunze upya. Mpeleke Anthony Joshua, bondia wa leo, na misuli yake yote kwenye raundi 45, glovu za aunsi 5, naye ikifika raundi ya 20 atakuwa anatafuta mlango.

Jack Dempsey ni mfano mwingine, na huyu hutumiwa vibaya kuliko wote. Julai 4, 1919, mjini Toledo, alimwangusha Willard mara saba katika raundi ya kwanza peke yake. Dempsey alikuwa na kilo 85, Willard 111. Wazee wanapenda kuitoa filamu ile kuthibitisha kwamba ukubwa si kitu. Iangalie tena. Kila Willard anapoanza kuinuka, Dempsey yuko hatua moja kutoka kwake, ngumi tayari, anasubiri tu magoti yaachane na turubai. Sheria ya kumtaka aliyeangusha aende kona ya mbali haikufanya kazi siku ile. Miaka minane baadaye, Chicago, ilikuwapo. Dempsey akamwangusha Gene Tunney, akasimama pale pale kwa mazoea, mwamuzi akachelewa kuanza kuhesabu, Tunney akapata sekunde za ziada, akainuka na kushinda. Ngumi zilikuwa zile zile, kilichobadilika ni mahali pa kusimama. Tena Willard wa Toledo alikuwa na miaka 37 na hakuwa ametetea mkanda kwa zaidi ya miaka mitatu.

Halafu kuna waliofungiwa mlango. Johnson alimshinda Sam Langford, mweusi mwenzake, mwaka 1906, kabla ya kuwa bingwa, na alipoupata mkanda hakumpa nafasi tena. Dempsey alikaa bingwa miaka saba bila kupigana na Harry Wills, na rangi ya Wills ilikuwa sababu kubwa. Tangu Johnson aupoteze ubingwa mwaka 1915 mpaka Louis alipouchukua 1937, hakuna mtu mweusi aliyeruhusiwa kuugombea. Rekodi za mabingwa wa kipindi kile zina tundu ambalo huwezi kuliziba kwa kuhesabu KO. Enzi yetu nayo isijisifu: mikanda minne, mapromota wanaokwepana, na baada ya Lennox Lewis mwaka 1999 ilibidi tusubiri mpaka Usyk, Mei 2024, kumpata bingwa mmoja asiyepingika.

Neno moja kuhusu filamu zenyewe, maana najua vijana wanazitazama kwenye simu na kucheka. Kamera za enzi za Johnson na Dempsey zilizungushwa kwa mkono na zilichukua picha chache kwa sekunde. Zikirushwa kwa mwendo wa kisasa, watu wanakwenda mrukomruko. Tafuta nakala iliyorekebishwa mwendo, na uangalie miguu badala ya mikono. Utamwona Johnson anarudi nusu hatua tu, ngumi inapita mbele ya kifua chake, na mpinzani kabla hajanyanyua kichwa, apakati, yaani ngumi ya kutoka chini kwenda juu, inamkuta kidevuni. Hilo ningelipenda kuliona kwa vijana wetu wa mazoezini leo.

Sasa kipimo ninachokiamini. Katika kila kipindi wapo mabondia wachache waliokaa ulingoni muda mrefu kiasi cha kupigana na vizazi viwili. Hao ndio wa kuwachunguza, lakini kwa uangalifu, kwa sababu ushahidi wao una uzito upande mmoja tu. Kijana akimpiga mzee hujajifunza kitu. Marciano alimpiga Louis Oktoba 1951, Louis akiwa na miaka 37 na amerudi ulingoni kwa sababu ya deni la kodi. Larry Holmes alimpiga Ali Oktoba 1980, Ali ana miaka 38 na mwili umekwisha. Mike Tyson akamlaza Holmes Januari 1988, Holmes naye ana miaka 38. Ukiunga mnyororo huo utasema Tyson ni bora kuliko Holmes, Holmes bora kuliko Ali, na kumbe ulichopima ni vyeti vya kuzaliwa. Mzee akimpiga kijana, hapo ndipo pa kukaa chini na kutazama mara mbili.

Na hakuna aliyetupa ushahidi huo kama George Foreman. Oktoba 30, 1974, alipigwa KO na Ali raundi ya 8 pale Kinshasa, kwenye Uwanja wa 20 Mei, alfajiri, watu wakiimba "Ali boma ye" (Ali, muue). Mwaka 1977 akaacha ngumi, akawa mhubiri, akakaa nje miaka kumi. Alivyorudi mwaka 1987 watu walimcheka kwa kitambi. Aprili 1991, ana miaka 42 na kilo 117, akaenda raundi zote 12 na Evander Holyfield, bingwa wa miaka 28, akapoteza kwa pointi bila kuanguka hata mara moja. Kisha Novemba 5, 1994, Las Vegas, akapanda ulingoni na bukta ile ile nyekundu ya Kinshasa. Konani kwake alikuwa kocha Angelo Dundee, yule yule aliyekuwa kona ya Ali usiku ule. Mpinzani alikuwa Michael Moorer, mashoto, miaka 26, aliyemvua Holyfield mikanda miezi michache tu kabla.

Raundi ya 10 ya pambano hilo ningeifanya somo la lazima. Kwa raundi tisa Moorer anaongoza kwenye kadi za majaji wote. Foreman anapokea jebu, ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, anasogea taratibu, anarusha ngumi za kulia ndefu zisizo na haraka yoyote. Ukitazama haraka utadhani mzee kachoka. Kumbe anamzoesha Moorer umbali mmoja na mwendo mmoja, na Moorer anazoea, anaacha kuzunguka, anasimama mbele yake. Ndipo inakuja kushoto, kulia, halafu tena kushoto, kulia, na ile kulia ya mwisho ni fupi kuliko zote zilizotangulia. Inapita katikati ya mikono miwili ya Moorer na kutua kidevuni. Moorer anaanguka chali na kuhesabiwa mpaka kumi. Mtu wa miaka 45, aliyefundishwa ngumi miaka ya 1960, amemlaza bingwa wa miaka ya 1990.

Vijana watasema nguvu ndiyo ya mwisho kuondoka mwilini. Kweli. Lakini nguvu haijui njia ya kufika kidevuni; iliyofikishwa pale ilifikishwa na mtu aliyejua kumsoma mwenzake kwa dakika 27 akiwa anapigwa. Halafu Foreman huyo huyo anawapa vijana nusu ya hoja yao: Kinshasa alipima kilo 100, kwa Moorer 113. Hata yeye aliona uzito mpya wa enzi mpya, akaja nao.

Shahidi wa pili ni wa juzi. Aprili 29, 2017, Wembley, watu 90,000, Wladimir Klitschko ana miaka 41 na Joshua ana 27. Klitschko alimwangusha Joshua raundi ya 6 kwa ngumi ya kulia, akashindwa kummaliza, akasimamishwa raundi ya 11. Alishindwa, sawa. Lakini mtu aliyeshika mkanda mwaka 2000 kumfikisha kijana pale kunakuonyesha kwamba kati ya vizazi hivyo viwili hakuna ngazi mpya ya ustadi. Jebu bora ya usiku ule ilikuwa ya mzee.

Basi sayansi imeleta nini? Jibu langu ni moja: imeleta mtu mkubwa anayejua kupigana. Majitu yalikuwapo zamani pia. Primo Carnera alikuwa na kilo 118, na Louis, mwenye 89, alimsambaratisha raundi ya 6 mwaka 1935. Buddy Baer na Abe Simon walikuwa wakubwa kiasi hicho, na Louis aliwashinda wote wawili, tena mara mbili kila mmoja. Wazee wakiyataja majina hayo wana haki. Ila Carnera hakujua la kufanya na mikono yake mirefu. Alipigana kama mtu mfupi aliyepewa mwili wa kuazima: anakaribia mwenyewe, anainama mwenyewe, anajileta kwenye ngumi.

Lennox Lewis ndiye mpaka kati ya majitu ya zamani na majitu ya sasa, na kisa chake kinaeleza mambo mengi. Mwaka 1994 alilazwa raundi ya 2 na Oliver McCall, bondia ambaye hakuna aliyempa nafasi. Konani kwa McCall alikuwa kocha Emanuel Steward wa Detroit, aliyekuwa ameona kwamba Lewis akirusha kulia huacha njia wazi. Lewis alifanya jambo la busara ambalo mabondia wengi kiburi kingewazuia: alimwajiri Steward huyo huyo. Miaka kumi baadaye, kilipofika kipindi cha Klitschko kupigwa hovyo, naye alikwenda kwa Steward. Mtu huyu aliwafundisha watu wa karibu mita mbili kukaa nyuma ya jebu ndefu, kuweka uzito mguu wa nyuma, kutorusha kulia mpaka kushoto kumemfunga macho mpinzani, na mfupi akifanikiwa kupenya, kumlalia shingoni. Hapo kwenye kulaliwa ndipo pana siri. Kubeba kilo 110 za mtu juu ya mabega raundi baada ya raundi kunamaliza miguu kuliko ngumi. Klitschko alimfanyia Alexander Povetkin hivyo Moscow mwaka 2013 mpaka pambano likawa halitazamiki. Mimi sikulipenda, lakini lilikuwa ustadi, na mwamuzi aliliruhusu.

Kwa hiyo mkimweka Marciano mbele ya Lewis wa mwaka 2001, naomba mpunguze mapenzi. Mapambano 49, ushindi 49, heshima yake ipo. Lakini alipima kilo 84 au 85, kimo sentimita 178 au 179, na tofauti ya urefu wa mikono kati yake na Lewis ni karibu sentimita 40. Leo Marciano na Dempsey wangepigana daraja la chini yake, lile la mwisho kilo 90.7, ambalo halikuwapo enzi zao. Na huko wangekuwa hatari kwa yeyote.

Upande wa pili, kuna ustadi uliopungua, na hapa nasimama na wazee. Mabondia wazito wa leo wengi hawajui kupigana kifua kwa kifua. Wakikaribiana wanakumbatiana na kumsubiri refa. Mtazame Louis na Max Schmeling, Juni 22, 1938, Yankee Stadium, pambano la sekunde 124. Miaka miwili kabla Schmeling alikuwa amemlaza Louis raundi ya 12 baada ya kugundua kwamba Louis akishapiga jebu mkono wa kushoto unashuka kabla ya kurudi. Kwenye marudio mkono haushuki tena, maana Louis hatoi nafasi ya kuuangalia. Tazama umbali ngumi zake zinaosafiri: inchi chache. Bega halivutwi nyuma, kiwiko hakiinuki, mguu unasogea kidogo tu na ngumi inatoka pale ilipo. Schmeling, mgongo kwenye kamba, anageuka, na kulia ya Louis inamwingia ubavuni nyuma. Alipiga ukelele na baadaye akalazwa hospitali. Kocha wa Louis, Jack Blackburn, alikuwa bondia wa uzito mdogo zamani zake, na ndiyo maana Louis ana mikono ya mtu wa kilo 60 ndani ya mwili wa kilo 90. Mwaka 1941 Louis alitetea ubingwa mara saba. Bingwa wa leo akipanda mara mbili kwa mwaka tunamshukuru. Ngumi hufundishwa na ngumi, na hakuna mashine ya mazoezi inayofidia mapambano yale saba.

Joe Frazier naye alikuwa wa shule hiyo. Ngumi ya pembeni ya kushoto iliyomwangusha Ali raundi ya 15, Machi 8, 1971, haikuwa bahati. Kambi ya Frazier, kocha Eddie Futch akiwamo, ilikuwa imeona kwamba Ali akitaka kupiga apakati ya kulia huushusha mkono kwanza. Frazier aliisubiri nafasi hiyo usiku kucha.

Kabla sijafika kwa Usyk, kuna fundo moja linalowashinda hata wachambuzi wakubwa. Foreman alimwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili, Kingston, Januari 1973. Foreman huyo huyo akammaliza Ken Norton raundi ya 2 kule Caracas mwaka uliofuata. Frazier na Norton ndio waliomtesa Ali kuliko wote. Norton alimvunja taya San Diego mwaka 1973. Kwa hesabu ya kawaida Foreman alipaswa kumfuta Ali, na ndivyo karibu dunia nzima ilivyoamini kabla ya Kinshasa. Raundi ya kwanza Ali akampiga kulia za moja kwa moja bila kutanguliza jebu, kitu ambacho huwezi kumfanyia bondia mkubwa usipokuwa na kasi ya ajabu. Raundi ya pili akajilaza kwenye kamba na kumwacha Foreman ajichoshe, huku akimvuta shingo chini kila alipokaribia. Kwa hiyo hata ndani ya zama moja, A kumshinda B na B kumshinda C hakukwambii A na C itakuwaje. Mtu anayekuorodheshea mabingwa kumi bora wa nyakati zote, wa kwanza mpaka wa kumi, anakuburudisha tu.

Sasa Ali na Usyk. Kwanza ondoeni hofu ya miili: wote wawili wana sentimita 191. Ali alipomsambaratisha Cleveland Williams mjini Houston, Novemba 1966, usiku ambao nadhani hakuwahi kuwa bora zaidi, alikuwa na kilo kama 96. Usyk alimshinda Tyson Fury akiwa na kilo 101 Mei 2024, na Desemba mwaka huo huo akamshinda tena, Fury akiwa na kilo 127 dhidi ya 102 zake. Hapa Usyk amewafanyia wazee wenu kazi kubwa kuliko wanavyojua. Amethibitisha kwamba mtu wa mwili wa Ali anaweza kuyashinda majitu yaliyofundishwa vizuri, akiwa na miguu na akili. Kuanzia sasa kijana akisema Ali angekuwa mdogo mno kwa wa leo, mwambieni aanze kwanza kumweleza Fury.

Shida ya Ali ni kwamba Usyk ni mashoto, na mashoto pekee aliyempa Ali kazi kwenye ubingwa ni Mjerumani Karl Mildenberger, Frankfurt, Septemba 1966. Litafuteni pambano hilo. Ali alizoea kuzunguka kuelekea kushoto kwake, kukimbia ngumi ya pembeni ya kushoto ya mpinzani. Kwa mashoto mahesabu yanageuka, na kwa raundi kadhaa miguu yake, ile miguu iliyokuwa haikosei, inaonekana haina uhakika. Mildenberger, bondia wa kawaida, akampiga tumboni na kumsogeza. Ilimchukua Ali mpaka raundi ya 12 kummaliza. Usyk si Mildenberger. Hasimami sehemu moja, mguu wake wa kulia huwa nje ya mguu wa mpinzani kabla ngumi haijatoka, na kushoto kwake kunafuata mbali. Ali hukwepa kwa kuegemea nyuma, kidevu juu, mikono kiunoni. Dhidi ya mtu anayepiga hatua pamoja na ngumi, huko nyuma si mahali salama. Henry Cooper alimkuta na kumwangusha London mwaka 1963 kwa ngumi moja ya kushoto.

Na udhaifu wa Usyk unaojulikana ni mwilini. Daniel Dubois alimlaza kwa ngumi ya kiunoni Wrocław mwaka 2023. Mwamuzi akasema iko chini ya mkanda, na watu wanabishana mpaka leo. Mashoto anatanguliza upande wa kulia, upande wa ini, kwa hiyo ngumi ya pembeni ya kushoto inamfikia kirahisi zaidi. Ali karibu kamwe hakupiga mwili. Mtu mwenye dawa hiyo ni Frazier, na ndiyo maana mimi ningehofia zaidi maisha ya Usyk mbele ya Frazier wa 1971 kuliko mbele ya Ali, ingawa Ali ni bondia mkubwa kuliko Frazier.

Kwa nini basi nampa Ali? Kwa sababu Usyk hushinda kwa kuwasoma watu. Raundi tatu nne za mwanzo anakusanya habari, kisha anaongeza kasi kuanzia ya 8 wenzake wakianza kuhema. Fury alikaribia kumalizwa raundi ya 9 kwa njia hiyo hiyo. Ali wa 1966 hasomeki mapema, na akifika raundi ya 8 hajaanza kuhema. Hakuna aliyepigana na Usyk kwenye uzito huu mwenye mikono inayotoka haraka kiasi kile, na hakuna aliyemlazimisha Usyk amtafute. Joshua, Fury na Dubois wote walisimama mahali alipojua atawakuta. Kwenye raundi 12 naona saba kwa tano. Kwenye raundi 15 naona Ali zaidi kidogo. Wakirudiana baada ya miezi sita, Usyk akiwa ameshamwona, sitaweka hela yangu popote.

Umeniuliza pia kwa ujumbe mfupi kuhusu Tyson. Tyson wa Juni 1988, aliyemlaza Michael Spinks kwa sekunde 91, ana raundi nne za kumkamata Usyk, na kwa kichwa kile kinachotembea na ngumi za mwilini anaweza kabisa kumkamata. Zikipita hizo nne, James Douglas, aliyemlaza Tyson Tokyo mwaka 1990, alishatuonyesha nini hutokea.